Mota ya valvu ya bwawa inanguruma tu haigeuki, jakuzi inafurika, naombeni msaada

MsimamiziEBB
Wakuu habari zenu. Naangalia nyumba ya wageni huku Entebbe, tuna bwawa na jakuzi pembeni yake, vyote vinatumia pampu moja na filta moja. Kuna valvu mbili zenye mota, moja iko upande wa kuvuta maji kabla ya pampu na nyingine upande wa kurudisha baada ya filta. Ukibonyeza swichi ya jakuzi zote mbili zinatakiwa zigeuke pamoja ili maji yavutwe kutoka jakuzi na yarudi hukohuko jakuzi.

Sasa ile ya kurudisha inageuka vizuri kabisa. Hii ya kuvuta inanguruma tu, mkono wa juu unatetemeka kidogo alafu haujasogea popote, na inaendelea kunguruma hivohivo mpaka nizime mwenyewe, ukigusa kava lake limepata moto. Kwa hio maji yanavutwa kutoka bwawa kubwa yanamwagwa jakuzi, jakuzi inafurika inamwaga kwenye vigae na watoto wa wageni wanapita hapo wanateleza.

Tumeita fundi akasikiliza ule mngurumo akasema mota imekufa, haina dawa, inatakiwa seti nzima mota na valvu yake, iagizwe nje, na bei aliyotaja inakaribia milioni mbili. Hakufungua kitu chochote. Mwenye nyumba ananiuliza mimi nimwambie nini, na wikendi wageni wamejaa. Lebo ya ile mota jua limeifuta haisomeki. Kuna mtu amewahi kukutana na kitu kama hiki? Kweli ni ya kutupa?

Kato_wa_Jinja
Pole sana ssebo. Kabla ya yote usiache inanguruma hivo, zima. Kwenye hio mota kuna kiswichi kidogo cha kupiga juu na chini, kina nafasi tatu, kiweke katikati ndo OFF. Hapo mota haipati amri tena hata mtu akibonyeza jakuzi.

Alafu hata ile nyingine inayofanya kazi iweke OFF vilevile zikiwa zote kwenye bwawa. Wageni wataogelea bwawa kubwa wikendi hii, jakuzi ifunike uandike kibao. Ni bora hivo kuliko mtu avunjike mguu kwenye vigae.

FundiPampu_Kla
MsimamiziEBB usinunue kitu bado. Nimefanya kazi ya mabwawa Kampala muda mrefu, Muyenga, Munyonyo, Kololo huko, na naomba nikwambie jambo ambalo linaniuma sana kwenye hii kazi: mota nyingi za valvu zinahukumiwa kwa kusikilizwa tu. Mtu anasikia mngurumo anasema imekufa. Kumbe mota inayonguruma ni mota inayopata umeme na inajaribu, mota iliyokufa kabisa kwa kawaida inakaa kimya. Kwa hio mngurumo wako mimi naupokea kama habari njema mpaka tupime.

Elewa kwanza kile kitu kinavofanya kazi, maana ukielewa hutadanganywa. Lile boksi jeusi la juu ndo mota. Ndani yake kuna mota ndogo ya volti 24 za AC, ina gia nyingi ndogondogo za kupunguza mwendo ndo maana inageuka taratibu, na juu ya shafti kuna kamu mbili. Kila kamu ikizunguka ikafika mahali pake inabonyeza swichi ndogo sana na ile swichi inakata umeme wa upande huo. Ndo inavojua imefika. Sasa wewe umesema yako inaendelea kunguruma bila kunyamaza. Hio inatuambia kamu haijawahi kufika kwenye swichi, yaani mota imepewa amri, inasukuma, na kuna kitu kinaizuia. Swali ni kitu gani: ni valvu yenyewe ya chini imekuwa ngumu, au ni mota imekosa nguvu. Hivo ni vitu viwili tofauti na bei zake ni tofauti sana, na kuvitenganisha haihitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi.

Fanya hivi. Zima pampu kwanza, na sio kuzima kwenye kidude cha kubonyeza, zima kwenye brekha ili taima isije ikaiwasha mikono yako ikiwa kazini. Usigeuze valvu yoyote pampu ikiwa inazunguka, hilo lishike. Weka kile kiswichi OFF kama Kato alivosema. Chukua kalamu ya wino mzito chora mstari kwenye mkono na kwenye boksi ujue ulikuwa umekaaje. Toa mkono wa juu, alafu fungua zile skrubu nne ndefu za kwenye kona, boksi linainuka lote, usilivute kwa hasira kwa sababu shafti ya valvu imeingia ndani yake. Waya acha ulivo.

Sasa uko na vitu viwili mkononi. Ule mkono uliotoa uvalishe kwenye shafti ya valvu moja kwa moja, jaribu kuigeuza kwa mkono. Valvu nzima unaigeuza bila kukunja uso, inakaza kidogo lakini inaenda. Kama lazima utumie nguvu ya bega au haiendi kabisa basi ugonjwa uko chini, mota haina kosa. Alafu lile boksi likiwa limekaa peke yake mezani au sakafuni pakavu, rudisha kiswichi ON, mtu abonyeze jakuzi, uangalie shafti. Ikizunguka mpaka ikasimama yenyewe mota ni nzima. Ikinguruma bila kuzunguka hata ikiwa haina mzigo, hapo tuzungumze kuhusu mota.

Leta majibu hapa. Na usiende kununua.

MzeeBombo
Fundi amesema vizuri. Nyongeza yangu ni hii: mimi kwangu Bombo ilikuwa hivohivo nikapiga WD-40 kwenye shafti na grisi ile ya bereki za gari ikalegea siku hiohio. Ni rahisi, jaribu kabla hujafungua kitu.

FundiPampu_Kla
Mzee wangu Bombo shikamoo, naomba nikupinge kwa heshima kabisa. Inalegea siku hio, ndio. Lakini zile raba za ndani, oringi, kwenye valvu nyingi za bwawa ni za EPDM, na hio raba haipatani na mafuta ya petroli ya aina yoyote. Grisi ya gari, WD-40, hata Vaseline ya kupaka mwilini, zote zinaifanya raba ivimbe na kulainika, alafu baada ya muda valvu inakuwa ngumu kuliko mwanzo au inaanza kupitisha maji. Kinachotakiwa ni grisi ya silikoni, ile nyeupe inayopenya mwanga, kichupa kidogo tu kinakaa muda mrefu sana. Ukikosa kwa wauza vifaa vya mabwawa tafuta kwa wanaouza vifaa vya mabomba, waulize ya silikoni ya kupaka raba za maji ya kunywa.

MzeeBombo
Marahaba mwanangu. Hilo la raba kuvimba nimelipata leo, na kweli ile valvu yangu ina matone chini. Nitaifungua niangalie.

dada_wa_Malaba
Samahani naingilia. Mimi sina bwawa ila nasimamia hoteli ndogo huku mpakani na bosi amejenga bwawa mwaka jana, vifaa vimekuja kutoka Marekani kwenye kontena. Mota zetu zinageuka lakini taratibu kuliko video tulizooneshwa, fundi alisema ni kasoro. Ni kweli?

FundiPampu_Kla
Dada hapana, hio sio kasoro. Zile mota zinafuata mapigo ya umeme. Marekani umeme wao ni hertzi 60 na sisi Uganda na Kenya ni 50, kwa hio mota ileile huku inaenda polepole kidogo. Ilimradi inafika mwisho na inasimama usiiguse. Kitu cha kukagua kwa vifaa vya Marekani ni transfoma: huku tuna volti 240, hakikisha ile transfoma ya kwenye kontrola, lile boksi linalotoa amri kwa mota, imefungwa kwenye nyaya za 240 na sio 120, na volti zinazotoka ni 24. Hio usipime mwenyewe, mwite fundi wa umeme mwenye leseni.

MsimamiziEBB
Nimerudi wakuu. Fundi Mungu akubariki. Nimefanya kama ulivosema mstari kwa mstari.

Mota ikiwa peke yake inazunguka! Inazunguka vizuri taratibu mpaka inasimama yenyewe na kile kimngurumo kinakata. Nikabonyeza irudi ikarudi. Nimekaa nimeiangalia nikamwita na mwenye nyumba aje aone kwa macho yake.

Valvu sasa, ndo balaa. Nimevalisha mkono nikageuza haiendi, nikatumia nguvu imeenda kidogo sana alafu ikagoma kama imekutana na jiwe. Nimeogopa kuvunja nimeacha. Na ndani ya boksi la mota nilipolitazama kwa chini nimeona kwenye kona kuna kiota cha sungusungu na udongo, na kamba ya raba ya pembeni ya kava imetoka nje ya mfereji wake.

Nifanyeje hapo kwenye valvu?

FundiPampu_Kla
Safi sana. Umeshaokoa bei ya mota.

Umefanya vizuri kuacha, usiilazimishe, ile shafti ni plastiki imeungana na kipande cha ndani, ikikatika ndo utaingia gharama kweli. Ikigoma kama jiwe mara nyingi ni jiwe kweli. Hio valvu yako iko upande wa kuvuta, kabla ya pampu. Kile kikapu cha pampu maji yanakifikia baada ya kupita kwenye valvu, hakiilindi. Kinachoilinda ni kikapu cha skima tu kule bwawani, yaani ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu. Kikapu cha skima kikipasuka au mtu akikitoa akasahau kukirudisha, kila kitu kinachoingia skima kinapita kwenye valvu yako kwanza: kokoto, vijiti, majani, na nyie Entebbe wale wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu wanajaza kila kitu. Kwa hio leo hii nenda ukaangalie hivo vikapu.

Kuifungua: kabla hujagusa skrubu jiulize swali moja, chumba chako cha pampu kiko juu au chini ya usawa wa maji ya bwawa? Kama kiko chini, ukifungua kifuniko cha valvu bwawa lote litakuja kwako chumbani. Nimeona chumba cha pampu kimejaa maji mpaka mota ya pampu imezama kwa sababu ya hili swali moja ambalo halikuulizwa. Funga geti valvu, zile za kufunga bomba kabisa, za upande wa kuvuta, ya skima na ya chini ya bwawa na ya jakuzi. Kama hakuna geti valvu, ziba skima na midomo ya kurudisha kwa plagi za raba, na ile ya chini ya bwawa ndo ngumu, hapo shusha maji au mwite mtu anayejua kuzamia akaweke plagi. Kama chumba kiko juu ya maji huna shida, maji yaliyomo kwenye bomba tu yatamwagika.

Fungua kile kivuzia hewa cha juu ya filta presha ishuke mpaka geji isome sifuri. Alafu chora alama tena, kwenye kifuniko na kwenye mwili wa valvu, kifuniko kikae vilevile wakati wa kurudi. Legeza skrubu za kifuniko moja moja kwa kuruka, sio kumaliza upande mmoja. Inua kifuniko pamoja na shafti na kile kipande cha ndani kinachozunguka, wengine tunakiita daiverta, vyote vinatoka juu kwa pamoja kwa kutikisatikisa. Ndani ingiza mkono wenye glovu upapase. Toa uchafu. Usikwaruze zile kuta kwa bisibisi, ukuta ukipata mchoro utapitisha maji maisha yake yote, tumia kitambaa na sabuni ya vyombo.

Oringi ziko tatu za kuangalia: kubwa ya kifuniko na mbili ndogo kwenye shafti. Zitoe kwa kitu butu, kijiti cha meno kinatosha. Zikunje kwa vidole, ikionesha mipasuko midogo badilisha, na usikadirie saizi kwa macho, nenda nayo dukani. Kama bado ni laini ioshe ikauke uipake silikoni kidogo tu, ing'ae, isiwe na bonge. Na ile raba inayozunguka daiverta yenyewe ipake kidogo pia.

Kato_wa_Jinja
Na ukishafungua piga picha kila hatua na simu. Mimi huwa napiga hata zile ambazo naona wazi, kwa sababu saa ya kurudisha ndo unajiuliza hiki kilikuwa kinatazama wapi.

Otieno_254
Nawafuata kutoka Nairobi, mjadala mzuri. MsimamiziEBB usimwambie mwenye nyumba aagize valvu ya kampuni yoyote, hata ikifika kununua mota baadae. Mota nyingi za hizi za volti 24 zinakaa kwenye valvu za wenzake, mfano Jandy, Pentair na Hayward wote wanatengeneza zinazoingia kwenye ile shafti na matundu manne yaleyale. Unabadilisha mota peke yake, valvu iliyogandishwa kwa gundi kwenye mabomba unaiacha. Yule aliyewaambia seti nzima alikuwa anawakatisha mabomba bure.

MsimamiziEBB
Nimefungua. Chumba chetu kiko juu ya maji kwa hio haikuwa shida.

Nimekuta kokoto, nyeusi, ndogo kama punje ya hindi, imejibana kati ya daiverta na ukuta, na pembeni yake nyasi zimejisokota zimekuwa kama kamba pamoja na wadudu wa ziwani wamekauka wamekuwa ute mweusi. Daiverta imepata mchubuko kidogo pale kokoto ilipokaa lakini ukuta haujachimbika. Oringi mbili za shafti ziligeuka ngumu kama plastiki, nilipokunja moja ikakatika hapohapo. Ile kubwa ya kifuniko bado laini. Nimekwenda skima nikakuta kikapu kimoja kina tundu la kuingiza vidole viwili, mfanyakazi wa bustani alikuwa anajua hakusema.

Nimepata oringi mjini Kampala kwa wauza bearingi, nilienda nazo mkononi kama ulivosema, na silikoni pia. Nimesafisha nimepaka nimerudisha, sasa inageuka kwa mkono mmoja bila shida yoyote, raha kabisa.

Ila nimefunga mota juu nikajaribu, imegeuka bila kunguruma lakini imesimama mahali sipo. Mkono unaonesha katikati, maji yanavutwa kidogo bwawani na kidogo jakuzi, na nikibonyeza tena inapita upande wa bomba la pampu na pampu ikaanza kulia vibaya nikazima haraka. Nimekosea wapi?

FundiPampu_Kla
Umezima haraka umefanya la maana, hapo daiverta ilikuwa inaliziba bomba linaloenda kwenye pampu, pampu ikavuta utupu. Ikiachwa hivo siili ya pampu inaungua. Kuanzia sasa majaribio yote ya kugeuza yafanye pampu ikiwa imezimwa kwenye brekha, unaangalia mkono tu.

Hujaharibu kitu. Kilichotokea ni kwamba mota ulipoijaribu mezani ilibaki imesimama upande mmoja, na valvu wewe umeigeuza kwa mkono ikabaki upande mwingine, alafu umeviunganisha. Kila mmoja anafikiri yuko kwake. Dawa: toa mota tena. Ikiwa peke yake iamuru iende kwenye bwawa isimame yenyewe. Alafu valvu igeuze kwa mkono mpaka iwe kwenye bwawa, na angalia ule mkono, neno OFF lililoandikwa juu yake linatakiwa lielekee bomba lililozibwa, yaani ukiwa kwenye bwawa OFF inatazama bomba la jakuzi. Vyote viwili vikiwa vimekubaliana kwamba sasa ni bwawa, ndo uviunganishe. Mkono rudisha juu ya boksi ukiwa unatazama vilevile ulivotazama kwenye valvu.

Sasa iamuru jakuzi. Inatakiwa izunguke nusu duara ipitie ule upande ambao hauna bomba, isipitie upande wa bomba la pampu. Kama inapita upande wa pampu piga kile kiswichi kidogo kutoka ON ya kwanza kwenda ON ya pili, kinageuza mwelekeo, alafu oanisha upya.

Ikifika ikasimama kabla au ikapitiliza kidogo ndo unafungua kava la mota urekebishe kamu. Ni zile gurudumu mbili za rangi tofauti kwenye shafti, zina meno. Unasogeza moja jino moja unajaribu, usisogeze zote mbili kwa pamoja hutajua ipi imefanya nini. Na umeme wa kontrola uzime kila unapoingiza vidole humo, volti 24 hazitakuua lakini ukigusisha waya kwa bisibisi unachoma fyuzi au bodi.

Na kwa kuwa utakuwa umefungua kava, toa hao sungusungu wote, safisha na brashi kavu, angalia zile swichi ndogo kama zina kutu ya kijani, na ile kamba ya raba irudishe kwenye mfereji wake. Tundu la waya linapoingilia elekeza chini, waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke nje.

dada_wa_Malaba
Fundi na mimi nina moja ya pili, valvu ya kwenye maporomoko yetu ya maji pale bwawani haitoi sauti kabisa. Sio kunguruma, kimya. Nianzie wapi?

FundiPampu_Kla
Kimya ni njia nyingine kabisa dada. Anza na kile kiswichi cha juu kama hakipo katikati, watu wa usafi wanakigonga na fagio bila kujua. Kisha kama una valvu mbili zenye mota, nenda kwenye kontrola umeme ukiwa umezimwa, ubadilishane plagi zao, ya maporomoko uichomeke kwenye soketi ya nyingine na ya nyingine kwenye soketi ya maporomoko. Washa. Kama kimya kimehamia kwa mota ya pili basi soketi ya kwanza haitoi umeme, tatizo liko kwenye bodi, rilei au fyuzi. Kama kimya kimebaki kwa mota ileile basi ni mota au waya wake, ufuate waya wote kwa mkono, panya wanapenda sana pale unapopita chini ya vigae.

Ukiwa na fundi mwenye multimita mwambie apime kwenye AC. Nasisitiza AC, wengi wanaweka DC wanasoma sifuri wanasema bodi imekufa. Waya ni tatu, kwenye nyingi nilizofungua mweusi ndo wa pamoja, na katika mwekundu na mweupe mmoja ndo una 24 kwa wakati mmoja, ukibonyeza unahamia mwingine. Ikisoma 26 au 27 mota ikiwa imechomolewa usishtuke, transfoma isiyo na mzigo inapanda kidogo.

Alafu niulize, klorini yenu mnaweka wapi?

dada_wa_Malaba
Ndani ya chumba cha pampu, ndoo ziko chini ya lile boksi la kontrola, na madumu ya asidi yapo pembeni yake.

FundiPampu_Kla
Dada toa leo. Kwanza klorini na asidi zisikae pamoja hata dakika moja, zikichanganyika zinatoa gesi inayoua mtu, na chumba cha pampu hakina hewa. Hili ni kabla ya valvu, kabla ya wageni, kabla ya kila kitu. Kila moja chumba chake, pakavu, penye hewa, palipofungwa watoto wasifike, na kijana anayezihamisha avae glovu na miwani, asizibebe zote mbili kwa safari moja.

Pili ule mvuke wake unapanda juu kwenye bodi unakula shaba. Mota nyingi za kimya nilizokuta chanzo chake ni hicho, plagi imekuwa kijani mpaka pini zimekatika. Ukishahamisha ndo ufungue boksi la kontrola uangalie pini za ile soketi.

MsimamiziEBB
Fundi inafanya kazi. Nimeoanisha zote kwenye bwawa nikafunga, ikapita upande wa pampu kama ulivosema, nikapiga kiswichi ON ya pili nikaoanisha tena, sasa inapita upande usio na bomba. Ilisimama kabla kidogo nikasogeza kamu jino moja ikakaa sawasawa. Nimewasha pampu, jakuzi inavuta na kurudisha yenyewe, maji yametulia kwenye mstari wake, vigae vikavu. Kikapu cha skima kipya kimefungwa na cha pili nimekiweka stoo.

Mwenye nyumba anauliza hii valvu ya kurudisha ambayo haijaleta shida nayo tuifungue?

FundiPampu_Kla
Hongera sana kaka. Hio usiifungue ovyo, igeuze kwa mkono tu kwanza mota ikiwa imetolewa. Ikienda laini ipake silikoni oringi za shafti mtakapokuwa mmefunga jakuzi kwa sababu nyingine, umri wake ni sawa na mwenzake kwa hio raba zake nazo zitakuwa zimechoka. Ikiwa ngumu fungua, na ukikuta humo mchanga badala ya nyasi uniambie, maana upande huo ni baada ya filta, mchanga hapo unatoka ndani ya filta yenyewe, kuna kidole cha chini, kile kibomba chenye matundu madogo kinachozuia mchanga, kimevunjika na hio ni kazi ya siku nzima ya kutoa mchanga wote.

MsimamiziEBB
Nimeigeuza sasa hivi, inaenda laini. Nitanunua oringi zake mapema ziwepo.

MzeeBombo
Na mimi nimefungua yangu. Oringi ya shafti imevimba imetoka kwenye mfereji wake, ndo ilikuwa inadondosha. Fundi, duka la bearingi liko upande gani, nimtume kijana na boda kesho asubuhi?

MsimamiziEBB
Mzee mimi nilipata barabara ya Nkrumah, mpe kijana ile oringi nzima hata kama imevimba, na aseme ni ya maji yenye klorini, anataka EPDM. Ila kwa kuwa imevimba saizi itadanganya, aende na kile kifuniko pia wapime mfereji wa shafti.